Hodi kwa Wenye Mawe

Nilikwenda Australia kumrudisha mwanangu nyumbani. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani nilikwenda kutalii. Mtu wa umri wangu, anayezunguka Hounslow kutwa nzima akiwaogesha wazee na kuwakumbusha dawa zao, hakai ndani ya ndege mpaka miguu ivimbe kwa sababu ya mawe. Mawe nimeyaona tangu utotoni. Nimezaliwa Taita, ambako ukitaka kupanda mahindi huna budi kuelewana na jiwe kwanza.

Binti yangu ni wa pekee. Alizaliwa London, akakulia chini ya njia ya ndege za Heathrow, katika flati ambayo vikombe hutetemeka kabatini kila ndege inapotua. Chuoni akachagua kusomea miamba. Watoto wa wenzangu walisomea uuguzi na uhasibu, wangu akasomea miamba, na kila nilipoulizwa kanisani nilijibu kwamba anasoma sayansi, nikabadilisha mazungumzo. Alipomaliza akapata mkataba mfupi wa kuchunguza mawe ya hifadhi moja ya taifa, mbali sana, huko kaskazini magharibi mwa Australia. Mkataba ukaongezwa. Ukaongezwa tena. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyebaki akisikiliza vikombe vikitetemeka ni mimi.

Wenzangu kanisani walinihurumia kwa ile namna inayochoma. Mtoto mmoja tu, walisema, na umeliachia jangwa? Si ukamlete? Nikaomba likizo, nikakipaka rangi chumba chake, nikakata tiketi.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi, na nilijivunia wepesi wake: mtu hurudishwa nyumbani na tumbo lake. Nikapanda basi hadi Kingsbury, kwenye maduka ya wale Wahindi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, ambako mwenye duka hukuuliza habari za Mombasa kabla hujauliza bei. Nilinunua pojo, mbaazi, njugu, maharagwe ya kila rangi, majani ya chai na unga. Sanduku likawa zito kuliko mimi.

Kwenye uwanja wa ndege wa huko nilipokewa na kijana mwenye glavu. Alinifungulia sanduku kwa adabu zote. Pojo zikaenda kwenye pipa, mbaazi zikazifuata, na maharagwe yote yakaenda huko huko. Nilimuuliza sababu, maana mimi ni mtu wa kuuliza, na kuuliza si ujinga. Alinieleza kwamba nchi yao imekaa peke yake baharini muda mrefu mno, na mbegu moja ya ugenini ikiota inaweza kuharibu vitu visivyopatikana kwingine duniani. Maelezo yaliniridhisha, ingawa mbaazi zangu ziliniuma. Niliachiwa chai na unga. Nikajisemea kwamba nchi inayohoji hata mbegu imetoka wapi, ngoja tuone itanifanyaje mimi.

Binti yangu alinipokea akiwa amekonda na kukomaa. Alikuwa akiishi katika mji mdogo ambao lami yake inaishia mbele ya kituo cha mafuta. Tulizungumza kama tulivyozoea tangu akiwa mdogo: mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, kila mtu na upande wake wa barabara, na hatujawahi kugongana. Siku mbili za kwanza nililala, nikala, nikaangaliwa. Ya tatu nikajipa jembe mwenyewe, nikafagia nyumba nzima, nikapika ugali, nikatafuta pa kuanzia.

Nilianza kwa chumba. Nilimwambia nimekipaka rangi. Akafurahi, akauliza rangi gani. Nikasema ya maziwa. Akasema itapendeza. Mazungumzo yakaishia hapo, na mimi nikabaki nimeshika mwiko. Mtu anayeuliza kila kitu, neno moja lilinishinda.

Ndipo aliponiambia kesho yake twende nikaone anapofanyia kazi.

Safari yenyewe ilikuwa ya gari refu lenye magurudumu ya kupanda milima. Tulivuka mito isiyo na maji, tukapita kwenye mashimo, mifupa yangu ikihesabiana. Vumbi lilikuwa jekundu. Nilizaliwa jirani na Tsavo, ambako vumbi huwafanya hata tembo kuwa wekundu, na kwa mazoea macho yangu yakaanza kuwatafuta tembo. Nikaona kangaruu mmoja tu, amesimama wima kando ya njia, akitutazama bila haraka. Nilimwambia binti yangu kwamba nimetoka nyumba yenye mbuga mlangoni, nikaenda London, na sasa nimezunguka dunia kuja kuona vumbi lile lile. Akacheka. Akasema subiri.

Jioni tukafika, na hapo nikanyamaza, jambo ambalo binti yangu hunikumbusha hadi leo. Mbele yetu ilikuwapo milima ya mviringo, mingi, imebanana, yenye mistari ya rangi ya machungwa na mistari myeusi, mmoja juu ya mwingine, toka chini hadi kileleni. Ilikuwa na umbo la vichuguu, ila vya mchwa wa ukubwa nisiotaka kukutana nao. Niliuliza nani ameipaka rangi. Binti yangu akaanza kueleza.

Alieleza kwamba huo ulikuwa mchanga. Mito ya zamani iliuleta, ukalala tabaka juu ya tabaka, ukagandamana, ukawa jiwe, kisha mvua na upepo vikakaa kuuchonga bila kuchoka. Ile mistari myeusi ni viumbe hai, vidogo mno, vinavyoota pale ambapo jiwe limeshika unyevu. Kwa hiyo jiwe limevaa ngozi? nikauliza. Akafikiri, akasema ndiyo, ukitaka. Akanipeleka kwenye bamba moja la jiwe lililolala kando ya njia. Juu yake kulikuwa na vijiwimbi vidogo, vimepangana vizuri, kama vile maji yalikuwa yamepita asubuhi ile. Akasema hayo ni maji kweli. Yalipita hapo kabla hajakuwapo mtu, wala ndege, wala ua la aina yoyote, yakaacha alama, na alama ikageuka jiwe.

Nilipitisha vidole kwenye vile vijiwimbi. Nikauliza nani aliyeihesabu hiyo miaka, naye akaeleza, nikaelewa nusu. Nusu nyingine sikuisikia kwa sababu nilikuwa nikimtazama yeye. Alikuwa ameweka kiganja juu ya lile jiwe kama mimi ninavyomshika mzee bega kabla ya kumgeuza kitandani, taratibu, ili ajue upo. Sikuwa nimewahi kumwona akishika kitu namna hiyo. Nilijivunia, na papo hapo nikaogopa.

Asubuhi tulijiunga na wageni wengine wachache kuingia kwenye korongo. Aliyetuongoza alikuwa mama mmoja mwenyeji wa pale, wa wale wenye nchi tangu asili, Waaborijini kama dunia inavyowaita, ingawa yeye alitutajia jina la watu wake na akatuomba tulitumie hilo. Alikuwa amenizidi umri kidogo. Alivaa kofia pana na bandeji ya goti, na mdomoni hakukosa pipi ya minti. Alilalamikia goti lake waziwazi, na mara moja nikampenda, maana goti ndiyo kazi yangu. Nilimwuliza analikanda na nini. Akaniuliza ni kweli London hainyeshi mvua ya maana ila inadondoka tu kutwa? Nikamwambia ni kweli.

Alitusimulia kwamba bibi yake alizaliwa ndani ya korongo lile, kisha wakaja wenye ng'ombe wakawaondoa, na miaka mingi baadaye ikachorwa mipaka ya hifadhi. Sasa wajukuu ndio walinzi wake, pamoja na serikali. Aliyasema haya bila kupandisha sauti. Mimi nilimkumbuka nyanya yangu, aliyekuwa akituonyesha Tsavo kwa kidole na kututajia nani alirina asali wapi, kabla pale hapajawekwa geti.

Kwenye mdomo wa korongo akatusimamisha. Akasema hatuingii kimyakimya. Humo ndani wamo wazee wake wa zamani, na si adabu kuwashtua. Kila mmoja apaze sauti, aseme ni nani na ametoka wapi. Wageni wakaanza. Mzungu mmoja alitaja jina lake kama mtu aliyeitwa benki. Mkewe alinong'ona tu, akaambiwa arudie. Kisha zamu ikawa yangu.

Mimi hili sikuhitaji kufundishwa. Nilisogea mbele, nikajaza kifua.

"Hodi!"

Korongo likanirudishia: odi, odi, odi. Nikangoja. Mwangwi si jibu. Anayekurudishia hodi yako mwenyewe hajakukaribisha. Nikaita mara ya pili, nikangoja, nikaita ya tatu. Kimya, isipokuwa ndege mmoja aliyekuwa na mambo yake. Basi nikageuka, nikaanza kurudi lilikokuwa gari.

Binti yangu alifunika uso kwa kofia. Namjua. Alifunika uso vile vile akiwa mdogo, nilipopiga hodi mlangoni kwa jirani yetu Mwingereza, nikasimama ngazini hadi yule bwana akatoka kuangalia nani anapiga kelele. Mama mwenyeji akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamweleza, kwa kile Kiingereza changu cha shifti za asubuhi, kwamba kwetu hodi ni tatu. Usipojibiwa hata ya tatu, unaondoka, na huweki kinyongo. Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe hajawa tayari kukupokea. Wageni walikuwa wamesimama juani, wakitazamana.

Hakucheka. Aliigeuza pipi shavu la pili, akauliza jibu hutolewa na nani. Na mwenye nyumba, nikasema.

"Basi ni mimi," alisema. "Neno lenyewe ni lipi?"

Kabla sijafungua mdomo, nyuma ya kofia binti yangu akasema: "Karibu."

Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake kwa miaka. Mama mwenyeji akaligeukia korongo, akasema kwa lugha yake, akarefusha, na katikati nikaisikia London, kama kijiwe kwenye wali. Kisha akanigeukia na kunikaribisha kwa neno langu mwenyewe, na alilitamka vizuri. Nikajibu kwamba nimekaribia.

Lakini mimi sipendi kazi nusu. Nikamwonyesha binti yangu, nikasema huyu naye hajapiga.

"Huyu hana haja," alisema. "Huyu tunamjua." Akatangulia ndani na goti lake.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Mimi niliyembeba mgongoni toka kituo cha basi hadi ghorofa ya juu, nimekaribishwa kama mgeni, na yeye kapita kama mtu anayekwenda jikoni kwao.

Hata hivyo udadisi ni ugonjwa, haungoji maumivu yaishe. Ndani ya korongo kulikuwa na baridi tamu, na kuta zilipanda hadi mbingu ikabaki utepe. Chini ya jiwe lililojitokeza kama paa tukaonyeshwa alama za viganja vya watu, zimepulizwa kwa udongo wa rangi. Kulikuwa na kimoja kidogo, cha mtoto. Tulikatazwa kupiga picha. Niliuliza ni vya nani, na vya lini, na kwa nini mkono wa kushoto. Mengine alinijibu. Mengine alisema si yake kuyasema, yana wenyewe, na wengine ni wanaume. Sikusumbua. Nikamweleza kwamba kwetu Taita, zamani, mafuvu ya wazee yaliwekwa chini ya mawe kama haya, safu kwa safu, na nyanya yangu alikuwa hapiti njia ile bila kukohoa kwanza na kuzungumza kidogo, aseme anapita tu, anakwenda shambani. Ikawa zamu yake kuuliza. Yalielekea upande gani? Nani aliruhusiwa kuyagusa? Bado yapo? Niliona haya, maana mengine sikuyajua. Nilikuwa nimeondoka mapema.

Mwisho wa korongo palikuwa na kidimbwi cha maji meusi, yametulia. Wageni wakasogea upande wa pili. Mimi na binti yangu tukavua viatu, tukakaa kwenye jiwe.

Nilikuwa nikimfikiria mama yangu. Miaka ya kwanza ya London, nilipokwenda likizo Taita, nilikuwa nasimama mlangoni kwake na masanduku na kupiga hodi kwa utani. Naye alijibu kutoka jikoni bila kutoka: "Mwenye kwao hapigi hodi. Ingia, unaingiza nzi." Ulikuwa mchezo wetu. Nilikuwa nikiusubiri tangu ndani ya ndege. Kisha ikapita miaka ya shifti, ya makaratasi ya uhamiaji, ya mtoto shuleni, na siku moja nikafika tena, nikapiga hodi ile ile, na mama akajibu, "Karibu." Akanivutia kiti chenye kitambaa cha kufuma. Akanimiminia chai kwenye vikombe vya kabatini, vile ambavyo sisi watoto tulichapwa kwa kuvigusa, vya wageni. Hakukusudia lolote, alikuwa amefurahi. Ile chai niliinywa yote, lakini haikushuka vizuri.

Nikaona nikiendelea kungoja nitarudi Hounslow na neno langu mdomoni. Nikamwambia binti yangu kwamba sikuja kuona mawe. Nimekuja kumchukua. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, ingawa ni ndogo. London ina mawe pia, kuna majumba ya makumbusho yamejaa mawe kwenye kabati za vioo, anaweza kufanya kazi huko.

Alichezea maji kwa kidole cha mguu kwa muda. Kisha akanijibu, na akavuka barabara, akaja upande wangu. Alijibu kwa Kiswahili, kwa kujikwaa, kama mtu anayepita chumba chenye giza alichokijua zamani.

"Hapa nilipiga hodi, mama. Nikajibiwa."

Alinisimulia kwamba siku yake ya kwanza aliposimamishwa pale mlangoni, hakujua la kusema. Hounslow ilionekana jina la ajabu kuliambia jiwe. Neno lililokuja ni hodi, akalisema kwa sauti ndogo ili wenzake wa kazi wasisikie. Yule mama alimkazia macho, kisha akamjibu kwa lugha yake. Binti yangu hakuelewa hata neno moja, na akajua amekaribishwa. Tangu siku hiyo hakuwa amefikiria kuondoka. Alikuwa akitafuta namna ya kuniambia, akaogopa, akaona heri nije nione.

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja, nilizipanga toka Kingsbury. Nikatazama maji. Nikamwambia basi anifundishe tena ile habari ya miaka, maana nusu yake haikunifikia. Akanifundisha hadi tukaitwa.

Nilirudi London na sanduku jepesi. Kanisani nilipoulizwa, nilisema amebaki, anafanya kazi na mawe. Nilisema mawe, sikusema sayansi. Wakatikisa vichwa, nami nikawaacha watikise.

Mwisho wa mwaka akaja kunitembelea. Wiki nzima nilisafisha nisichokichafua. Nikachemsha pojo, safari hii hakuna wa kuzitupa. Kila ndege iliyoshuka nilichungulia dirishani, kana kwamba ningemwona akinipungia. Na jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimelibeba tangu pale kidimbwini, nikilirudia kwenye basi, kwenye ngazi za wazee wangu: mwenye kwao hapigi hodi. Nilijua atapiga, kwa utani, na nilijua nitamjibu nini.

Ufunguo anao, sijawahi kumnyang'anya. Lakini alisimama nje kwenye korido, akapaza sauti kama alikuwa bado kwenye mdomo wa korongo.

"Hodi!"

Mlango wa jirani ukafunguka kidogo. Mimi nilikuwa jikoni, mikono ina unga. Nikafungua mdomo.

"Karibu," nikasema.

Ndege ikapita juu, vikombe vikatetemeka, na sote wawili tukangoja ipite. Akaingia. Akavua viatu, akavipanga ukutani vizuri, akasimama hapo na mkoba wake mkononi.

"Niuweke wapi, mama?"

Nilitaka kumwambia auweke chumbani kwake, swali gani hilo. Nikageukia meza kupata nafasi ya kupumua. Chai nilikuwa nimeshaiandaa, na sikumbuki nilipanda kiti saa ngapi kuvishusha: vikombe vya juu kabisa kabatini, vyenye maua, ambavyo nyumba hii haijawahi kumtolea mtu isipokuwa mchungaji.